Chati ya shilingi hamsini: ununuzi mdogo unavyomgeuza mfuasi kuwa mteja

Mwalimu wa ufugaji wa kuku mjini Kakamega anaweza kuwa na wafuasi elfu tatu kwenye Facebook, akaweka picha ya bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, asubuhi, na kufikia jioni watu mia mbili wakawa wameipenda. Kisha anatangaza mafunzo ya siku moja kwa shilingi 2,000 na wanaojitokeza ni wanne. Mwezi unaofuata wanakuja watatu. Wengi wakifika hapo husema watu wa Magharibi mwa Kenya hawana pesa, au hawataki kulipia maarifa. Si kweli. Wafuasi hao hao hununua bando za siku, hununua unga wa vifaranga kilo moja moja, na hulipia dawa kwenye agroveti, duka la dawa na mahitaji ya mifugo, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe haujajulikana. Kulipa wanalipa. Ila kati ya kutazama bure na kumtumia elfu mbili mtu ambaye hawajawahi kufanya naye biashara, hapana pa kukanyaga.

Ununuzi mdogo unaweka pa kukanyaga. Ni kitu cha shilingi 50 au 100, kama chati ya kulea vifaranga, ambacho mtu anaweza kukuchukulia leo, akakujaribu, na kesho akaondoka bila deni wala maelezo. Wazo ni jepesi. Kinachowashinda wengi ni mambo mawili: kitu hicho kiwe nini hasa, na kifuatwe na nini. Tutamtumia mwalimu wa kuku kama mfano kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hesabu zake zinaonekana wazi na kwa kuwa kuku, upande huu wa nchi, ni jambo zito. Mantiki yake inamfaa pia fundi cherehani wa Nakuru anayetaka wanafunzi na bendi ya Kisumu inayotaka watu wa kulipa mlangoni.

Hofu ya kuliwa

Anayeombwa 2,000 na mtu anayemjua kwa picha tu haanzi kwa kujiuliza kama mafunzo ni mazuri. Anajiuliza kama ataliwa pesa. Kila mfugaji amesikia habari ya mtu aliyetuma malipo ya awali ya vifaranga mia, akaambiwa gari limetoka Nakuru, kisha limepita Kericho, kisha simu ikazimwa. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuandika "sisi ni waaminifu", wala kwa kuongeza picha. Inaondolewa na muamala mmoja uliokamilika: nilituma, nikapokea, kilichokuja ni kile nilichoahidiwa, na nilipouliza swali nilijibiwa.

Hii ndiyo sababu kitu cha bure hakifanyi kazi hiyo. Aliyepewa bure hakuhatarisha chochote, kwa hiyo hakujifunza lolote kuhusu uaminifu wako. Aliyelipa hamsini ameingiza namba yake ya siri, ameona jina lako halisi kwenye ujumbe wa M-Pesa, amesubiri na amepata. Siku utakapomwomba 300, swali la kuliwa limeshajibiwa. Linabaki swali la pili tu: je, ninahitaji kitu chenyewe?

Andika bei mahali pa wazi. Muuzaji anayejibu "bei inbox" anaamsha ile hofu ambayo kitu kidogo kiliwekwa ili kuituliza, maana mnunuzi anaona kwamba bei itategemea anavyoonekana.

Kadogo za aina mbili

Kwetu kununua kadogo hakukuletwa na wauzaji. Mafuta ya kupika ya ishirini, sukari robo, sabuni ya unga ya pakiti ndogo: hivyo ndivyo nyumba nyingi zinavyoendeshwa. Kampuni kubwa zililielewa hilo mapema. Safaricom ilipoingia sokoni mwaka 2000 ilitoza simu kwa sekunde wakati mshindani wake akitoza kwa dakika, na baadaye kadi ya Bamba 20 ikawa kwenye kila kibanda. Sasa mfanyabiashara wa Kisumu akisoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa mshahara wa mwezi, unaosema mteja huanza na kidogo kisha hupanda hadi kikubwa, atashangaa. Mteja wake alianza na kidogo miaka mitatu iliyopita na bado ananunua kidogo.

Ushauri huo umechanganya watu wawili tofauti. Kuna anayenunua kidogo kwa sababu anajaribu, na kuna anayenunua kidogo kwa sababu pesa yake huingia hivyo. Mwalimu wa shule ya upili aliyelipwa tarehe 28 na kununua chati ya hamsini anajaribu. Dereva wa boda boda, mama mboga wa Kondele, mvuvi wa Dunga, hawa hupata pesa ya leo leo, na hata wakikuamini kama ndugu hawatakuwa na 2,000 mkononi siku ya Jumanne.

Wa kwanza hupanda kwa ukubwa: hamsini, kisha mia tatu, kisha elfu moja na mia tano. Wa pili hupanda kwa mazoea: hamsini mara moja, kisha hamsini kila Ijumaa, hadi inakuwa sehemu ya bajeti yake. Ukimletea huyu wa pili kifurushi kikubwa, hata kwa punguzo, unamwonyesha mlango. Ukimletea wa kwanza malipo ya kila wiki unamchosha. Biashara nyingi ndogo hukwama hapa, kwa kuwa zimeandaa hatua ya pili moja tu na kuitumia kwa watu wote.

Kuwatofautisha si kazi ngumu ukiweka rekodi. Anayejaribu huuliza maswali ya mbele: "Na wakifika miezi miwili nitawalisha nini?" "Unafanya pia mambo ya mabanda?" Anayenunua kadogo kwa kawaida yake hurudi siku zinazofanana na kuchukua kiasi kile kile. Tazama tarehe za malipo za mwezi mmoja na utaona.

Lipa mdogo mdogo isichanganywe na haya. Anayechukua simu au sola kwa malipo ya kila siku ametia saini mkataba mkubwa uliokatwa vipande, na akikosa kulipa, simu inafungwa au taa inazimika. Huo ni mkopo. Ununuzi mdogo tunaouzungumzia humalizika siku ile ile.

Na kuna jambo la haki. Anayepimiwa mafuta ya ishirini hulipa zaidi kwa lita kuliko anayebeba mtungi mzima, na umaskini wake unatozwa ada. Usijenge biashara yako juu ya pengo hilo. Ikiwa mafunzo ya wiki nane ni 300, basi malipo ya wiki yawe 40, yaani 320 kwa jumla. Yasiwe 75. Mteja wa Ijumaa huja kuhesabu siku moja, na akigundua aliadhibiwa kwa kukosa pesa ya pamoja, harudi.

Chati yenyewe

Kitu kidogo kinachofaa kina sifa tatu: kinamaliza kazi moja ndogo kabisa, kinatumika tangu siku kinaponunuliwa, na katika kutumika kwake kinafichua haja inayofuata. Sifa ya tatu ndiyo inayosahaulika.

Chukua chati ya vifaranga. Ni karatasi ngumu ya A4, upande mmoja, yenye safu nne. Safu ya kwanza ni umri, kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya nane. Ya pili ni joto la bruda: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha linashushwa kama nyuzi tatu kila wiki. Ya tatu ni chanjo: Newcastle, Gumboro, ndui ya kuku, taifodi ya kuku, kila moja ikiwa na nafasi tupu ambapo mfugaji, akishapanga siku na mtaalamu wake, anaandika tarehe halisi kwa kuhesabu tangu vifaranga walipofika. Ya nne ni visanduku vya kutia alama. Chini kabisa kuna mistari ya kusoma vifaranga kwa macho, kwa asiye na kipimajoto: wakijirundika chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kingo huku wakitanua mabawa wana joto, wakitawanyika sawasawa wako salama. Kuna pia maonyo mawili ya chanjo ya maji: usitumie maji ya mfereji yenye klorini kwa sababu yanaua chanjo, na chanjo ikishachanganywa itumike ndani ya saa mbili hivi, inayobaki haihifadhiwi.

Mfugaji wa Luanda au Mumias anaitundika ukutani kando ya bruda. Kwa wiki nane anaiona kila asubuhi, na namba yako iko pembeni. Kisha inafika siku ya chanjo ya kwanza. Anakwenda agroveti na kukuta kichupa cha chanjo kimekusudiwa kuku mia moja au zaidi, naye ana ishirini, na ile saa mbili ya chati inamwambia hawezi kuweka kilichobaki kwa wiki ijayo. Anahitaji majirani wanaochanja siku moja naye. Chati imemfikisha mahali ambapo kikundi cha wafugaji wenye vifaranga wa umri mmoja kina maana kwake, kabla hata hujakitangaza.

Linganisha na vitu vidogo vinavyouzwa sana: sura ya kwanza ya kijitabu, dakika kumi za mwanzo za somo, "utangulizi". Hivyo ni vipande vya kitu kikubwa. Mnunuzi anapata njaa badala ya msaada, na anahisi kwamba hamsini yake ililipia tangazo. Kosa la upande wa pili ni kitu kidogo kisicho na uhusiano na kazi yako. Ukiuza kalamu zenye jina lako kwa ishirini utapata wanunuzi wa kalamu.

Kwa fundi cherehani wa Nakuru, mfano mzuri ni patani ya karatasi ya sketi moja yenye vipimo vitatu, kwa 100, ikiwa na mistari ya kukatia na ya kushonea. Anayeitumia atashona sketi, na karibu kila mtu hukwama mahali pale pale, kwenye zipu na mkanda wa kiuno. Darasa la Jumamosi moja, "zipu na mkanda", kwa 500, tayari lina wateja.

Bei, na ada zinazoila

Weka bei ya kwanza kwenye 50 au 100, na kuna sababu ya kimahesabu. Kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 100 hakuna ada. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kutuma kati ya 101 na 500 ni shilingi 7, na kati ya 501 na 1,000 ni shilingi 13. Bei ya 120 basi humgharimu mnunuzi 127, na zile saba ndizo anazozikumbuka. Ukivuka mia, vuka kwa maana: nenda 300 moja kwa moja. Ukiwa na namba ya biashara ya Lipa na M-Pesa aina ya till, mnunuzi hatozwi kitu, ila ada kidogo inaweza kumwangukia muuzaji.

Upande wa kutoa pesa ndiko faida ndogo huvuja. Kutoa kwa wakala kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Anayeuza chati nne na kukimbia kutoa 200 amelipa asilimia 14.5 ya mauzo yake. Anayesubiri hadi 2,500 amelipa asilimia 1.2 hivi. Acha pesa za chati zijikusanye, au zitumie humo humo kwenye simu kulipia uchapishaji.

Sasa gharama. Tuseme saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, inachapa chati kwa rangi kwenye karatasi ngumu kwa 20. Ukiiuza mwenyewe kwa 50, inabaki 30. Ukiiweka kwenye agroveti na kumwachia mwenye duka 10 kwa kila moja, inabaki 20. Kwa maoni yetu hiyo kumi ni pesa nzuri kutoa, kwa sababu agroveti ndiko mwenye vifaranga anakoingia siku ile ile anayohitaji chati, huku Facebook ikiipeleka kwa watu wasio hata na kuku. Kuifunika chati kwa plastiki huongeza gharama maradufu au zaidi, basi toa aina mbili, ya 50 na ya 100, na umwache mnunuzi achague.

Kitu kidogo kisiuzwe kwa hasara. Kampuni kubwa zinaweza kupoteza pesa kidogo kwa mteja wa kwanza zikisubiri arudi baada ya mwaka. Mtu anayeendesha shughuli yake kwa pesa ya wiki hii hawezi, na akianza hivyo atalazimika kuwasukuma wanunuzi wapande haraka ili azibe pengo. Kusukumwa huko watu hukusikia.

Kuhusu picha ya chati kutumwa kwa simu: ndiyo, itasambazwa bure. Usipoteze nguvu kupigana na hilo. Uza picha kwa walio mbali, hakikisha namba yako na mwaka wa toleo vimo ndani ya picha, na uiboreshe kila mwaka.

Namba ya simu ndiyo bidhaa

Hapa ndipo mauzo madogo mengi hupotelea. Muuzaji ameuza chati tisini, ana pesa, na hajui hata mmoja wa walionunua. Siku hizi taarifa za malipo kwenye namba ya biashara huficha sehemu ya namba ya simu ya mnunuzi, kwa hiyo usitegemee kuzikusanya humo. Na hata ungeziona zote, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuruhusu kuzitumia kutangaza biashara bila ridhaa ya mwenyewe.

Basi omba. Njia rahisi ni kuandika kwenye chati yenyewe: "Tuma neno VIFARANGA na tarehe waliyofika kwa namba hii ya WhatsApp, tutakukumbusha chanjo bila malipo. Ukitaka tuache, andika ACHA." Mnunuzi ana sababu ya kutuma, ridhaa yake imeandikwa, na wewe umepata tarehe, ambayo ina thamani kuliko jina. Akituma, mjibu kwa kumwomba ahifadhi namba yako. Hili si adabu tu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Wengi hutuma kwa orodha nzima, wakapata majibu sita, wakadhani watu hawana haja, kumbe ujumbe haukufika.

Usimwingize mtu kwenye kikundi bila kumuuliza. Kikundi huonyesha namba yake kwa wageni wote waliomo, na kati ya hao wamo wanaowinda namba.

Muziki unaonyesha kinachotokea namba ikikosekana. Msanii wa Kisumu anayeweka wimbo kwenye Skiza, huduma ya Safaricom ya milio ya simu, anauza kitu kidogo kweli: shabiki anabonyeza *811# na kulipa kiasi kidogo ili wimbo umlie anayempigia. Ni mapato halali, na ni ununuzi mwepesi kuliko wote. Lakini msanii hamjui aliyenunua wala anakoishi, kwa hiyo hawezi kumwalika kwenye onyesho la Jumamosi. Bendi inayouza tiketi ya 100 ya mazoezi ya wazi, viti arobaini, jina na namba vikiandikwa mlangoni kwa hiari, inapata pesa kidogo tu kwa usiku huo, lakini inabaki na watu arobaini wa kualika.

Hatua ya pili, na hesabu inayoitetea

Ujumbe wa kwanza baada ya ununuzi uwe swali. Siku ya pili au ya tatu: "Habari ya vifaranga? Walifika wangapi, na kuna waliokufa?" Vifaranga wengi hufa siku za mwanzo, mara nyingi kwa baridi ya usiku, na anayeulizwa wakati huo anajibu. Mwaliko wa hatua ya pili uje siku chache kabla ya chanjo ya kwanza: kikundi cha wiki nane, wafugaji wenye vifaranga wa umri mmoja, 300 kwa mara moja au 40 kila Ijumaa, maswali yanajibiwa saa mbili usiku hadi saa tatu. Mualike mtu aliyenunua wiki hii. Wa miezi mitatu iliyopita vifaranga wake ni kuku tayari.

Hatua ya tatu ni kutembelewa nyumbani kwa 1,500: banda, lishe, mpango wa kuuza. Hapa kuna mpaka wa kisheria. Kutibu na kuandikia mifugo dawa ni kazi ya daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, chini ya sheria ya mwaka 2011. Ikiwa wewe hujasajiliwa, nenda na aliyesajiliwa na mgawane malipo. Kuuza ushauri wa dawa usio na leseni ni hatari kwako, na kwa mfugaji pia, maana kuku wanaolishwa antibiotiki ovyo huliwa na watoto wake.

Tuseme watu mia wamenunua chati kwako moja kwa moja, ishirini wakaingia kikundini, watano wakaomba kutembelewa. Chati zimeacha 3,000. Kikundi kimeleta 6,000. Ziara zimeleta 7,500. Jumla ni 16,500, na chati zenyewe hazifiki hata moja ya tano. Sasa uliza: nguvu ya mwezi ujao iende wapi? Ukiuza chati mia nyingine bila kuongeza kitu kingine, utapata 3,000 zaidi kwenye chati. Ukiwashawishi watu kumi zaidi, kati ya wale mia uliokwisha kuwapata, waingie kikundini, unapata 3,000 hizo hizo, bila kuchapa karatasi wala kumtafuta mgeni, na baadhi yao wataomba ziara. Hesabu ya kufuatilia kila mwezi basi ni waliolipa mara ya pili. Wakiwa chini ya kumi kwa kila mia, usiongeze matangazo. Kasoro iko kwenye chati, au kwenye muda wa mwaliko, au umewapa watu wa kadogo mlango wa kifurushi kikubwa pekee.

Mahali panapoharibika

Mteja wa hamsini anapiga simu mara tano kwa siku. Hili halikwepeki, na ndilo linalowafanya wengi waache. Kitu kidogo kikihitaji kazi yako kila kinapotumika, hakijakamilika. Kila swali linaloulizwa mara tatu na watu tofauti liandikwe kwenye chati toleo lijalo, na maswali mengine yaelekezwe kikundini kwa upole: "Hilo tunalijibu usiku pamoja na wenzako." Kosa kinyume chake ni kumnyamazia kabisa. Aliyelipa hamsini akanyamaziwa atasema ameliwa, hata kama chati ilimfikia.

Kushusha bei ni kosa jingine. Ukiuza chati kwa 50 Machi na 20 Aprili, walionunua Machi wanajifunza kusubiri. Ongeza kitu badala ya kupunguza bei. Na akilalamika mtu, mrudishie hamsini yake bila mjadala. Kuituma hakuna ada, na ni bei rahisi kuliko maneno yake sokoni Kibuye.

Wengine hujenga hatua nyingi mno: chati ya 50, kijitabu cha 100, kikundi cha wiki cha 150, kikundi cha mwezi cha 250, na kadhalika. Kila hatua ni uamuzi, na kila uamuzi unapoteza watu. Tatu zinatosha, kila moja ikiwa mara tatu hadi sita ya iliyotangulia.

Bidhaa za kuliwa zina masharti yake. Mtengenezaji wa maziwa lala au yogati Nakuru anayetaka kuuza vipimo vya 20 ajue kwamba mifuko laini ya plastiki ya kufungia imepigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, na kwamba vifungashio vya kiwandani vinavyoruhusiwa vinahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Kuna pia leseni ya Kenya Dairy Board na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango. Gharama hizo hazipungui kwa sababu pakiti ni ndogo. Kwa hiyo kwa vyakula, mara nyingi ni heri kupima kwenye chombo cha mteja mwenyewe au kuuza kikombe cha kunywea pale pale, na hatua ya pili iwe oda ya kudumu: nusu lita kila Jumatatu na Alhamisi, italetwa dukani kwako kabla ya saa nne asubuhi. Mteja wa yogati ni wa mazoea karibu daima.

Msimu

Walionunua chati na hawakuingia kikundini si hasara. Waache kwenye orodha, usiwatumie kitu kila siku, wasubiri msimu wao. Kuku wa kienyeji walioboreshwa huchukua kama miezi mitano kufikia uzito wa kuuzika vizuri. Anayelenga Krismasi, wakati ambapo jogoo hupanda bei kila soko la Magharibi, anahitaji vifaranga mwezi wa saba. Bungoma kuna msimu mwingine: Wabukusu hutahiri Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na sherehe hizo hula kuku wengi. Vifaranga wake huanza Machi.

Basi katikati ya Februari ya mwaka wa tohara, chukua kutoka kwenye orodha watu wa Bungoma peke yao na uwaandikie sentensi mbili: tarehe ya mwisho ya kupokea vifaranga ili wawahi Agosti, na siku kikundi kipya kitakapoanza. Usiweke punguzo. Aliyenunua chati mwaka jana bado anayo ukutani, imekunjamana na kupauka kwa moshi wa jiko, na anajua namba inayomwandikia ni ya nani.